Lolote, Chochote, Zozote

Ghalani kwetu Govan, nyuma ya karakana ya matairi,
meza zimelala miguu juu kama mbuzi wa kuchunwa.
Kila godoro nalipitishia tochi, mshono kwa mshono.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema;
sisi hapa tunalipwa chai na biskuti
tuwajue kunguni kabla ya mtoto wa mtu.

Ishbel MacQuarrie alikuja Jumanne na wanawe wawili.
Miezi kumi na minne chumba kimoja cha hoteli,
kupika marufuku, msumari ukutani marufuku,
na kabla ya hapo gari, ambalo halitaji.

Chagua kochi, Dougal akamwambia.
Lolote tu.
La kijani, au hili la kahawia?
Lolote tu.
Kitanda? Chochote. Sahani? Zozote.
Pazia? Lolote, mradi lifunike.
Kila ngeli aliijibu kwa upole uleule,
upole wa mtu aliyefunzwa na madirisha ya ofisi
kwamba mwenye kuchagua hurudishwa mwisho wa foleni.

Sikumshangaa. Mwaka ule mke wangu aliponifungia mlango
nililala sebuleni kwa dada yangu,
nikanywa chai kavu miezi mitatu
kwa kuogopa kuuliza sukari inakaa wapi.

Kisha tukafika rafu ya mabirika.
Dougal alishaanza kulifunga moja kwa gazeti,
lenye waridi ubavuni, mdomo umemeguka kidogo,
Ishbel akasema:
Hilo silitaki.

Polepole, kama anayejaribu barafu kwa ncha ya kiatu.
Binti yake Effie akamtazama
kana kwamba mama katukana kanisani.
Silitaki, akarudia. Nataka lile jekundu.

Lile jekundu halikuwa la kugawa.
Lilikuwa letu, na lilikuwa limejaa chai.
Dougal akalimwaga sinkini, akalisuuza,
akalipangusa kwa shati lake mwenyewe.
Haya, twende, mvua inakuja.

Ghorofa ya tatu. Ngazi za mawe zimelika katikati
kwa miguu ya watu waliokwisha kufa.
Kabati likakwama kona ya pili, haliendi, halirudi,
mpaka jirani wa chini, Bwana Chaudhry,
akatoka na ndala na bisibisi, bila hata salamu,
akang'oa milango yake, akashika pembe.

Struan, miaka tisa, hakubeba, hakukaa.
Alisimama katikati ya chumba kitupu,
begi mgongoni, zipu juu mpaka mwisho.
Hapa tunalala mpaka lini?
Mama yake alifungua mdomo, akaufunga,
akaenda kuangalia kama bomba linatoa maji moto.
Lilikuwa linatoa. Akaliacha likitoa.

Wiki mbili baadaye nilirudi na gundi, mguu wa meza ulilegea.
Vyumba viwili vya kulala, na wote watatu
bado wanalala kimoja, magodoro yamebanana sakafuni,
vitanda vyetu vimeegemezwa ukutani.
Sikusema kitu. Si kazi yangu.

Begi la Struan lilikuwa linaning'inia karibu na mlango,
zipu bado imefungwa,
kwenye msumari uliopinda, uliopigwa na mtu asiyejua nyundo;
plasta imebanduka upana wa kiganja.
Umeomba ruhusa? nikamuuliza Ishbel.
Sikuomba, alisema. Nimepigilia tu.
Na akacheka, kisha akatazama mlango.

Akaleta lile birika jekundu, vikombe visivyofanana.
Sukari vijiko vingapi?
Vyovyote, nikasema.

Hakutia. Alisubiri,
kijiko hewani, macho kwangu,
mpaka nikasema viwili.